UKUTA MMOJA, RANGI TATU: CELTEL, ZAIN, AIRTEL NA MAAMUZI YA MABOSI WALIO MBALI

Najua wengine mnasoma huku dakika za kafe zinakatika, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mama yangu mdogo ana kibanda pale Morogoro. Anauza vocha, maji, sigara, biskuti, vitu vidogo vidogo. Ukuta wa mbele wa kile kibanda ulikuwa mwekundu na njano, Celtel. Mwaka 2008 wakaja vijana na ndoo za rangi, wakapaka upya, ikawa Zain. Hata rangi haijachakaa vizuri, mwishoni mwa 2010 wakaja tena vijana wengine, wakapaka nyekundu, Airtel. Mimi nilikuwa mtoto, kazi yangu kutumwa na kukaa kwenye kreti la soda, nikamuuliza, "Mama mdogo, hawa watu mbona hawaishi kupaka?" Akanijibu, "Kampuni imeuzwa." Imeuzwa kwa nani? "Kwa wenyewe wenye hela, nenda kaniletee chenji."

Kilichonishangaza ni kwamba laini yake ilibaki ile ile. Namba ile ile ya 0784. Mnara ule ule. Ila wenyewe wamebadilika mara tatu, na kila waliokuja walikuja na akili yao ya kuendesha biashara. Nimekuja kusoma baadaye, baada ya kumaliza shule na kukosa cha kufanya, nikagundua kwamba ule ukuta ni darasa zima la kile wasomi wanakiita usimamizi wa kimkakati. Jina kubwa, lakini usiogope. Somo la komesi walitufundisha kupanga, kuratibu, kuongoza, kudhibiti... tukakariri tukaandika kwenye mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba hayo ndiyo yanayoamua dakika moja ya simu utalipa shilingi ngapi.

Kwa lugha ya mtaani mkakati ni majibu ya maswali matatu. Tunapigana wapi? Tutashinda kwa silaha gani ambayo mwenzetu hana? Na tunaacha kufanya nini? Hilo la mwisho ndilo gumu, maana kila bosi anapenda kufanya yote. Kwa kampuni yenye nchi moja maswali yanaishia hapo. Kwa kampuni ya kimataifa linaongezeka la nne ambalo ndilo linaua wengi: nani aamue, makao makuu au watu wa nchi husika? Ukiamua kila kitu ulaya, unakosea mambo ya huku. Ukiwaachia wa huku kila kitu, unakuwa na kampuni kumi na tano zinazochangia nembo tu. Sasa tuone hawa watatu walijibuje.

Celtel ilianzishwa na Mo Ibrahim, Msudani aliyekuwa injinia. Alifanya kazi British Telecom kule Uingereza kwenye kitengo chao cha simu za mkononi, akaacha, mwaka 1989 akafungua kampuni yake ya ushauri wa mitandao inaitwa MSI. Walikuwa wanachorea makampuni makubwa ramani za minara. Kadiri alivyozunguka aligundua kitu cha ajabu: leseni za simu Ulaya zinagombewa kwa mabilioni, leseni za Afrika zinapatikana karibu bure na wakubwa hawazitaki. Wanaogopa. Vita, rushwa, watu maskini, watalipa nini? Yeye akaona tofauti. Mtu wa kijijini anayepanda basi siku nzima kwenda kumjulia hali mama yake ANALIPA tayari, tena nyingi, ila analipa nauli. Mwaka 1998 akaanzisha kampuni ya kujenga mitandao Afrika tu, ndiyo hiyo Celtel.

Swali la kwanza, wapi? Amejibu: mahali ambapo wakubwa wanaogopa. Uganda, Zambia, Malawi, Sierra Leone, Kongo zote mbili, Gabon, Chad. Tanzania waliingia mwaka 2001 kwa njia ya ajabu kidogo. MSI pamoja na Wajerumani wa Detecon walinunua asilimia 35 ya TTCL, na Celtel Tanzania ikazaliwa ndani ya TTCL humo humo. Mwaka 2005 zikatenganishwa. Weka alama hapo, tutarudi, maana hilo jambo lilikuja kulipuka miaka mingi baadaye. Kenya nako waliingia 2004 kwa kununua hisa za Wafaransa wa Vivendi kwenye KenCell.

Silaha yao ilikuwa nini? Watu wengi wangesema bei au teknolojia. Hapana. Mabenki yalikataa kuwakopesha, kwa hiyo walijenga sehemu kubwa kwa pesa ya wanahisa, na hiyo iliwalazimisha kuwa wabahili wa kweli. Halafu kuna suala la rushwa. Mo Ibrahim ameeleza mwenyewe kwamba waliweka sheria: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 lazima yapitishwe na bodi. Kwa hiyo meneja wa nchi akibanwa na mkubwa fulani, anasema kwa unyenyekevu, "Mheshimiwa mimi sina uwezo, ni bodi." Unaona hiyo? Ni jibu la swali la nne. Maamuzi ya wateja na masoko waliyaacha nchini, maamuzi ya pesa kubwa wakayapandisha juu, na sababu siyo kwamba hawawaamini mameneja wao, sababu ni kuwakinga. Nimelipenda sana hili, kwa maoni yangu ni ujanja mzuri kuliko mikakati yote niliyosoma humu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Kujenga mnara Ulaya unachomeka umeme wa gridi umemaliza. Huku kila mnara na jenereta lake, na tenki lake la dizeli, na mlinzi wake. Kinshasa na Brazzaville ni miji miwili inayotazamana, katikati mto tu, lakini simu kutoka mmoja kwenda mwingine ilikuwa inazungushwa mpaka Ulaya kwa setilaiti na kurudi. Celtel wakaweka kiungo cha mawimbi kuvuka mto. Basi.

Hapo ndipo lilipotoka wazo lililowapa sifa dunia nzima. Septemba 2006 wakazindua kitu kinaitwa One Network, kwa kuanzia Kenya, Uganda na Tanzania. Ukivuka Namanga au Mutukula na laini yako, unapiga kwa bei ya wenyeji, unapokea bure, unanunua vocha ya nchi uliyopo unakwangua inaingia. Kabla ya hapo ukivuka mpaka ukapokea simu tu salio linalia. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba waliokuwa wanatembea na simu mbili tatu walifurahi. Ulaya wakati huo walikuwa bado wanabishana kuhusu gharama hizo hizo.

Kwa nini Celtel waliweza na wengine hawakuweza? Kwa sababu walikuwa na nchi zinazopakana. Ile orodha ya nchi iliyoonekana kama mtu kaokota okota ilikuwa inaungana kwenye ramani. Kampuni yenye mtandao nchi moja tu haiwezi kukuiga kesho asubuhi. Mpinzani anaweza kushusha bei usiku mmoja, lakini hawezi kupata Uganda usiku mmoja. Ingawa... Safaricom, Vodacom na MTN hawakulala, mwaka uliofuata wakakubaliana wao kwa wao kutoa huduma inayofanana. Kwa hiyo ukuta wa Celtel haukuwa mrefu kama walivyodhani. Kumbe majirani wanaweza kukopeshana nchi!

Sasa twende Kuwait. Mwaka 2005 Celtel ilinunuliwa kwa dola bilioni 3.4 na kampuni ya simu ya Kuwait iliyoitwa MTC. Wafanyakazi wa Celtel walikuwa na hisa, na inasemekana kama mia moja waliondoka mamilionea wa dola. Nasikia hapa wengine mnalia, mimi pia.

MTC ilibadili jina kuwa Zain mwaka 2007, na Agosti 2008 Celtel zote za Afrika zikapakwa rangi mpya. Bosi wao alikuwa Saad Al Barrak, mtu wa maono makubwa. Mkakati wake aliuita 3x3x3: miaka mitatu kuwa kampuni ya kikanda, mitatu kuwa ya kimataifa, mitatu kuwa ya dunia. Lengo: ikifika 2011 wawe ndani ya kumi bora za simu za mkononi duniani.

Nisome mara ya pili hapo juu. Unaona tofauti na Celtel? Mo Ibrahim alianza na mteja anayepanda basi. Zain walianza na nafasi yao kwenye msimamo wa ligi. Sisemi walikuwa wajinga, One Network waliipeleka mbali, mpaka ikaunganisha Afrika na nchi za Mashariki ya Kati. Lakini kukua kwa kununua kunahitaji pesa, pesa ni mkopo au ni ya wanahisa, na mwaka 2008 ukaja mtikisiko wa fedha duniani. Wanahisa wakubwa kule Kuwait wakataka kuona pesa mkononi, siyo msimamo wa ligi. Februari 2010 Al Barrak akajiuzulu. Mwezi wa 6 mwaka huo huo mitandao ya nchi 15 za Afrika ikawa mali ya Wahindi.

Jina la Zain lilikaa kwenye ukuta wa mama mdogo miaka miwili na kitu. Hesabu gharama: mabango, fulana, kadi, matangazo ya redio, nchi zote hizo... halafu linafutwa.

Sasa tumefika kwenye nyama yenyewe, tulieni.

Sunil Bharti Mittal alianza mwaka 1976 kule Ludhiana, India, akitengeneza vipuri vya baiskeli. Akaja kuagiza majenereta, serikali ikapiga marufuku uagizaji, akahamia kwenye simu za mezani za kubonyeza. Miaka ya 1990 India ilipofungua leseni za simu za mkononi akaipata ya Delhi, na mwaka 1995 Airtel ikawa hewani. Wateja wakaanza kuongezeka kwa kasi ya kutisha mpaka ikawa tatizo: kila mwezi lazima ununue mitambo, na ukikosea hesabu unanunua pungufu mtandao unajaa, au unanunua zaidi pesa inalala.

Mwaka 2004 akafanya jambo lililoonekana uwendawazimu. Aliwapa Ericsson, Nokia na Siemens kazi ya kujenga na kuendesha mtandao wenyewe, akawalipa kwa uwezo unaotumika, siyo kwa kila boksi la mtambo. Kompyuta na mifumo ya malipo akawapa IBM, nao wakalipwa kwa sehemu ya mapato. Yaani kampuni ya simu isiyoendesha mitambo ya simu! Yeye alibaki na wateja, matangazo, bei na leseni. Hilo ndilo jibu la swali la tatu, kuacha. Mwenyewe aliuita kiwanda cha dakika. Kiwanda cha sabuni kinatengeneza vipande vingi ili kila kipande kigharimu kidogo, yeye anatengeneza dakika. Bei India ikashuka mpaka kama senti moja ya dola kwa dakika, na bado faida ikawepo kwa sababu watu waliongea, waliongea, WALIONGEA.

Baada ya India kujaa walitaka pa kwenda. Walijaribu kuungana na MTN ya Afrika Kusini mara mbili, 2008 na 2009, ikashindikana mara zote. Miezi michache baadaye wakaibukia kwa Zain Afrika: dola bilioni 10.7 ukijumlisha na madeni, na sehemu kubwa ya hizo walikopa. Walikuta wateja kama milioni 42. Lengo walilotangaza ni kwamba ifikapo 2013 wawe na wateja milioni 100 Afrika na mapato ya dola bilioni 5 kwa mwaka. Wakamleta Manoj Kohli, aliyekuwa mtu mzito kule India, wakaweka makao makuu ya Afrika Nairobi. Wazo liko wazi: chukua kiwanda cha dakika, kifungue Afrika.

Agosti 2010, hata jina halijabadilishwa, Zain Kenya wakashusha bei mpaka shilingi 3 za Kenya kwa dakika kwenda mitandao yote. Nchi nzima ikashangilia. Ila kuna kitu kilichotokea kabla yake ambacho wengi hawakukiona. Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wako unaulipa ule mwingine kwa kuipokea. Kenya malipo hayo yalikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Kwa hiyo kuuza shilingi 3 kwenda Safaricom ungekuwa unatoa mfukoni. Mwezi huo huo tume ya mawasiliano ikayashusha mpaka 2.21. Fanya hesabu: 3 toa 2.21 unabaki na senti 79 za kulipia dizeli, mishahara, kodi na mkopo. Mlango ulifunguliwa na serikali, Zain wakapita nao kwa kasi. Safaricom nao hawakungoja, ndani ya siku chache wakashuka hapo hapo.

Swali la mtihani: kama wote wanauza shilingi 3, mteja wa Safaricom atahama kwa sababu gani?

Wengi hawakuhama. Sababu kubwa mnaijua. M-Pesa ilikuwa hewani tangu Machi 2007, na kufikia 2010 mtu wa Kenya alikuwa ndani yake na mshahara, karo za watoto, nauli ya bibi kijijini. Laini ya Safaricom haikuwa tena simu, ilikuwa pochi. Unaweza kuhama simu, kuhama pochi ni kazi nyingine, maana na wale unaowatumia lazima wahame na wewe. Airtel walileta silaha ya bei kwenye vita ambayo mpinzani alishaihamishia sehemu nyingine. Kufikia Oktoba 2011 Safaricom walishaanza kupandisha bei tena. Waliopigwa vibaya zaidi ni wadogo: YuMobile ilifunga 2014, wateja wake wakachukuliwa na Airtel na mitambo ikaenda Safaricom. Na Orange ya Ufaransa nayo ikafungasha virago Kenya.

Ila msidhani ni M-Pesa tu. Kiwanda cha dakika kina masharti yake ambayo India ilikuwa nayo na huku hayakuwepo, na hapa ndipo mimi naona ni sehemu tamu ya habari yote. Kwanza, kushusha bei nusu kunalipa kama watu wataongea zaidi ya mara mbili. Huku mtu alikuwa na bajeti ya vocha ya 500 kwa siku. Bei ikishuka anaongea zaidi mpaka 500 iishe, keshokutwa ni 500 ile ile. Kampuni imebeba dakika nyingi zaidi kwa pesa ile ile. Mama mdogo ananiambia yeye hakuona tofauti kwenye mauzo, vocha alizouza zilikuwa zile zile, watu tu ndio wakawa wanaacha kubip. Pili, mtandao wenyewe lazima uwe na nafasi. Ukishusha bei kwenye minara michache unajaza foleni, simu zinakatika, mteja anakasirika. Tatu, dizeli. Kiwanda kinashusha gharama kikiwa kikubwa, lakini jenereta la Kongo halijui kama kampuni yako ni kubwa.

Na la nne, India ni nchi moja. Ina lugha nyingi na majimbo mengi, sawa, lakini sarafu ni moja, serikali ya juu ni moja. Airtel Afrika ilianza na nchi 15, sarafu zake, wadhibiti wake, kodi zake, marais wake. IBM, Ericsson na wenzao walipewa mikataba kama ya India, wafanyakazi wengine wakajikuta wamehamishiwa kwa wakandarasi. Sasa mkandarasi anayelipwa kwa ukubwa wa kazi, Malawi atapata kazi kubwa kiasi gani? Ujanja ule wa kuacha uliotengeneza pesa Delhi, huku uliacha maswali ya nani hasa anawajibika mnara ukizima.

Mwaka 2013 ukafika. Wateja milioni 60 na kitu, siyo 100. Na ule mkopo wa dola unaendelea kudai.

Walichofanya baada ya hapo hakina mbwembwe, ndiyo maana hakiandikwi sana. Waliuza minara kwa makampuni ya minara katika nchi mbalimbali, wakawa wapangaji, wakapunguza deni. Mwaka 2016 Burkina Faso na Sierra Leone wakawauzia Orange. Ghana wakaungana na Tigo 2017, baadaye wakatoka kabisa. Uganda walishamnunua Warid mwaka 2013 ili wawe na uzito. Ukiangalia utaona wanajibu swali la kwanza upya, nchi kwa nchi: hapa sisi ni wa kwanza au wa pili? Kama hapana na hakuna njia ya kufika, tokeni. Kenya tu ndiyo waliing'ang'ania, wakataka kuungana na Telkom Kenya 2019, mwaka uliofuata ikavunjika. Kuanzia 2017 kwenda 2018 biashara ya Afrika ndiyo ikaanza kutoa faida ya kueleweka, na Juni 2019 Airtel Africa ikaorodheshwa soko la hisa la London. Miaka karibu kumi toka wanunue!

Na cha kuchekesha, pochi waliyoikosa wakaja kuitengeneza. Airtel Money ilikua mpaka mwaka 2021 mfuko wa TPG uliweka dola milioni 200 na Mastercard dola milioni 100 kununua hisa chache tu, kwa hesabu inayofanya kitengo hicho kiwe na thamani ya dola bilioni 2.65. Kitengo kimoja tu hicho.

Nilisema tutarudi TTCL. Desemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba kwa taarifa alizonazo Airtel ni mali ya TTCL, akamwagiza waziri wa fedha, Dk. Mpango, achunguze. Tatizo lilianzia kule kwenye mgawanyo wa 2005. Airtel wa India alinunua kutoka kwa Zain wa Kuwait, aliyenunua Celtel ya Msudani, iliyozaliwa ndani ya shirika la umma la Tanzania. Unaponunua kampuni kwa mkupuo, nchi 15 kwa siku moja, unanunua na ugomvi wa kila nchi. Januari 2019 Mittal mwenyewe alikuja Ikulu. Wakakubaliana: serikali itoke asilimia 40 mpaka 49, Airtel ishuke kutoka 60 mpaka 51, deni ambalo kampuni mama ilikuwa inaidai Airtel Tanzania lifutwe, na serikali ilipwe shilingi bilioni 1 kila mwezi kwa miaka mitano. Wapo waliosema tumewaonea wawekezaji, wapo waliosema tumechelewa. Mimi nasema hivi, bosi wa kampuni ya kimataifa kuacha ofisi yake na kuja kukaa meza moja na rais, na kukubali kushuka bila kuuza, maana yake alipiga hesabu akaona asilimia 51 yenye amani ni bora kuliko 60 yenye kesi. Na hiyo asilimia 51 siyo bahati. Ni namba ya mwisho ambayo bado unabaki na usukani. Miaka miwili baadaye, 2021, minara kama 1,400 ya hapa Tanzania nayo ikauzwa, kwa kampuni ya pamoja ambayo Wamarekani wa SBA ndio wenye sehemu kubwa.

Nisisahau Nigeria, soko lao kubwa kuliko yote. Katikati ya 2023 naira iliachiwa ikaporomoka. Wateja waliongezeka, mapato kwa naira yaliongezeka, mkubwa unaweza kusema kazi nzuri sana. Lakini vitabu vyao vinaandikwa kwa dola. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 Airtel Africa ikatangaza hasara ya dola milioni 89. Vijana wa Lagos walifanya kila walichoagizwa, hasara ikaingia kupitia mlango ambao hakuna meneja mauzo anayeweza kuufunga. Tangu wapigwe hivyo wamekuwa wakihamisha madeni yao yawe ya sarafu za nchi husika badala ya dola, ili sarafu ikianguka na deni lianguke nayo. Kitu ambacho mama mdogo anakijua bila shule: usikope kwa Mchaga dola ukauze vocha kwa shilingi (wadau wa Moshi mnisamehe).

Kibanda kipo bado. Ukuta mwekundu umepauka umekuwa kama matofali, na hakuna aliyekuja na ndoo tena. Ila nje kuna meza na mwavuli, na kwenye meza mama mdogo kapanga simu nne za uwakala, kila mtandao na yake. Nilimuuliza ipi inalipa zaidi, akasema inategemea ni mwisho wa mwezi au katikati.

Kama kuna mtu humu alikuwa anafanya kazi Zain mwaka 2010, Dar, Nairobi, Kampala, Lubumbashi popote, atuambie siku Wahindi wanaingia ofisini hali ilikuwaje. Hiyo sijaiona imeandikwa mahali.